Utupa: Rafiki wa Shamba, Adui wa Ziwa

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo twapenda kusema nanyi habari za mmea mmoja uotao wenyewe porini, ambao wazee wengi waujua, na vijana wengi wameanza kuusahau. Jina lake ni utupa. Mmea huu ukitumiwa shambani kwa akili hulinda maharage na kurutubisha udongo uliochoka. Lakini ukitiwa majini huua samaki wakubwa kwa wadogo, wala haubagui. Kwa watu wa Ilemela, ambao wengi wao hushika jembe kwa mkono mmoja na wavu kwa mkono wa pili, hili si jambo la elimu tu. Ni jambo la chakula cha nyumbani, na kwa hiyo yafaa kila mtu alijue vema.

Kwanza tueleze mmea wenyewe, maana katika sehemu nyingine jina la utupa hutumiwa pia kwa mimea mingine yenye kulevya samaki. Utupa tunaousema sisi ni wa jamaa ya kunde. Ni ndugu wa maharage, choroko, karanga na njugu mawe. Hauishi msimu mmoja tu ukafa kama maharage yafanyavyo, bali hudumu miaka michache. Shina lake ni laini likiwa changa, kisha hukomaa likawa kama kijiti, na kimo chake hufika mita 2 au 3, pengine hata 4. Majani yake yamepangwa jozi kwa jozi katika kikonyo kimoja, na jani moja hubaki peke yake nchani. Ukipitisha kidole juu ya jani utahisi ulaini kama wa mahameli, kwa sababu limefunikwa na vinyweleo vingi vidogo. Maua yake ni meupe au ya zambarau, nayo husimama mengi pamoja kwenye ncha za matawi; ukiyatazama kwa karibu utaona umbo lile lile la ua la kunde. Maganda yake ni mapana, yana manyoya, na urefu wake ni kama kidole cha mtu mzima au zaidi. Yakikauka hupasuka kwa ghafula na kuzirusha mbegu mbali.

Wataalamu wa mimea huuita Tephrosia vogelii. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni rangi ya majivu, kwa ajili ya vinyweleo tulivyovitaja. Neno la pili ni ukumbusho wa Bwana Theodor Vogel, Mjerumani aliyefuatana na safari ya Waingereza katika mto Niger mwaka wa 1841 ili kukusanya mimea, akafa mwaka ule ule katika kisiwa cha Fernando Po. Jina hilo lilitangazwa katika kitabu mwaka wa 1849. Lakini watu wa Afrika walikuwa wakiujua mmea huu na kazi zake kabla hajafika mgeni ye yote wa kuuandika.

Kazi iliyojulikana zaidi ilikuwa kulevya samaki. Wakati wa kiangazi, mito midogo ilipokatika na kubakiza madimbwi, watu walichuma majani ya utupa, wakayatwanga, wakayatia katika dimbwi. Baada ya muda mfupi samaki walipanda juu wakihema, wakapinduka tumbo juu, nao watu wakawaokota kwa vikapu. Dimbwi lile lingekauka baada ya siku chache hata hivyo, na samaki wake wangekufa au kuliwa na ndege. Basi twaweza kuona kwamba wazee wetu walikuwa na sababu yao. Lakini dimbwi likaukalo ni kitu kimoja, na ziwa ni kitu kingine.

Je, ni kitu gani kilichomo katika majani haya? Ni sumu inayoitwa rotenoni, pamoja na jamaa zake kadhaa. Rotenoni haipatikani katika utupa peke yake; imo pia katika mimea mingine ya jamaa ya kunde huko Asia na Amerika ya Kusini, na wenyeji wa huko nao waliitumia kwa kulevya samaki. Mjapani mmoja, Nagai Kazuo, aliitoa katika mmea wa Asia mwaka wa 1902, naye ndiye aliyeipa jina hilo. Mwaka wa 1932 wataalamu waliweza kueleza namna ilivyojengwa.

Namna inavyoua yafaa kufahamika, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba sumu hii huyaondoa mapumzi katika maji. Sivyo. Mapumzi humo majini yamo, na samaki huyavuta kwa mashavu yake kama desturi. Lakini ndani ya kila chembe ya mwili kuna vyumba vidogo sana ambamo chakula na hewa safi hukutana, na hapo ndipo nguvu ya kuishi inapopatikana. Rotenoni huifunga kazi ya vyumba hivyo. Mfikirini mhunzi katika kiwanda chake: mivukuto yavuma, makaa yapo, lakini moto haushiki. Ndivyo ilivyo kwa samaki yule. Ahema, na hewa yaingia, lakini mwili hauwezi kuitumia, na mwisho wake afa.

Samaki hudhurika upesi kuliko mtu kwa sababu maji yote anayoyahema hupita katika mashavu, na sumu huingia katika damu yake moja kwa moja. Mtu au mnyama anayeimeza hupokea kidogo tu kupitia tumboni, na ini lake huivunja sehemu kubwa. Lakini msidhani kwamba kwa mtu haina hatari. Vumbi lake likivutwa puani hudhuru zaidi kuliko likimezwa. Tena mwaka wa 2000 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba panya waliotiwa rotenoni mwilini siku nyingi walipatwa na dalili kama za ugonjwa wa Parkinson, yaani ule wa kutetemeka na kukaza viungo. Basi mtu mwenye busara huishika kama ashikavyo sumu nyingine yo yote.

Sasa tuangalie ziwa letu. Mtu akitazama maji kutoka katika mwalo wa Igombe au wa Kayenze, huyaona mapana mno, akadhani kwamba konzi chache za majani haziwezi kuyadhuru. Lakini mvuvi wa sumu haendi katika kilindi. Huenda katika vighuba vyenye maji machache, penye matete na mawe, mahali ambapo mawimbi hayatatawanya sumu yake upesi. Na mahali hapo ndipo kitalu cha samaki. Sato jike hutaga mayai, kisha huyachukua kinywani mwake, nayo huangulika mumo humo. Watoto wakitoka, hukaa pwani penye majani, na wakiona hatari hukimbilia tena katika kinywa cha mama yao. Ngege hufanya vivyo hivyo, na aina nyingi za furu pia. Basi sato jike mmoja akifa kwa sumu, hafi peke yake. Hufa na mamia ya watoto waliomo kinywani mwake. Wavu wenye macho mapana huwaacha wadogo wapite, lakini sumu haina macho.

Tena mvuvi wa sumu hapati hata nusu ya anaowaua. Wengine huzama, wengine huchukuliwa na maji wakaoza katika matete. Wanaookotwa ni wale wakubwa walioelea karibu. Mtu yule huondoka na kapu moja, akiacha nyuma yake makapu mengi ya mwaka ujao. Ndiyo maana ya ule msemo wa wazee, tamaa mbele, mauti nyuma.

Huenda mtu akasema, "Lakini sumu hii huisha upesi, basi ubaya wake uko wapi?" Ni kweli kwamba rotenoni haidumu. Jua, joto na hewa huivunja kwa siku chache. Lakini sumu ikiisha, samaki waliokufa hawafufuki. Huko Marekani tangu miaka ya 1930 wenye kutunza maziwa wametumia rotenoni kwa makusudi, pale walipotaka kuwaondoa samaki wote wasiotakiwa katika ziwa dogo, ili wapande wengine. Wataalamu wale huitumia kwa kipimo na kwa ruhusa, nao hujua kwamba baada ya kazi hiyo sharti walete samaki wapya kwa magari. Sisi je, nani atatuletea sato wapya katika ghuba zetu?

Siku hizi pamoja na majani wameingia watu wenye kutumia sumu za dukani, zile zilizotengenezwa kwa kuua wadudu wa pamba na mboga. Hizo ni mbaya zaidi, maana nyingine hudumu ndani ya nyama ya samaki. Mwaka wa 1999 Nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria wasiingie kwao, kwa hofu ya sumu iliyosemekana kutumiwa katika uvuvi. Kosa lilikuwa la watu wachache, lakini hasara iliwapata watu wengi: wenye viwanda vya samaki, wafanya kazi wao, na wavuvi wa sangara ambao hawakupata kugusa sumu maishani mwao. Hilo ni fundisho kubwa kwa mji kama Mwanza, ambao riziki ya watu wake wengi yatoka majini.

Kwa sababu hizo Sheria ya Uvuvi ya Tanzania, Namba 22 ya mwaka 2003, yakataza kuvua kwa sumu, iwe ya majani au ya dukani. Tena sasa ziwani kuna vizimba vya kufugia sato. Samaki aliye huru akihisi maji yamebadilika aweza pengine kukimbia. Samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia. Mtu mmoja akitia sumu usiku karibu na vizimba, aweza kuiangamiza mali ya jirani yake kabla ya alfajiri. Basi mtu aonaye samaki wengi wakihema juu ya maji bila sababu asiwaokote akanyamaza. Na apeleke habari kwa wale wanaolinda mwalo, au kwa afisa uvuvi.

Je, kwa mambo haya yote, yafaa tuung'oe utupa na kuuchoma moto? La, hasha. Kosa si la mmea. Nguvu ile ile iuayo samaki huua pia wadudu wanaotula chakula chetu, na shambani hakuna samaki.

Wakulima wengi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati hukausha majani ya utupa kivulini, huyasaga kuwa unga, na kuuchanganya na maharage au kunde za kuweka, ili fukusi wasizitoboe. Sababu ya kukausha kivulini mmekwisha iona: jua huivunja sumu, na unga uliokaushwa juani hupoteza nguvu. Unga wenyewe nao uwekwe katika chombo chenye kifuniko, mahali pa giza. Wengine hutumia maji ya majani kwa kuua kupe wa ng'ombe.

Kwa maharage yaliyomo shambani, majaribio yalifanywa kaskazini mwa Tanzania, na habari zake zikatangazwa mwaka wa 2015. Unga wa majani ulilowekwa katika maji yenye sabuni kidogo, ukachujwa, na maji yale yakanyunyizwa juu ya maharage. Vidukari na wadudu wengine walipungua, na mavuno yakakaribiana na ya maharage yaliyonyunyizwa dawa ya dukani. Tena wale wadudu walio rafiki za mkulima, kama buibui na vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi wanaokula vidukari, walisalimika zaidi kuliko penye dawa ya dukani. Dawa ya utupa haidumu juu ya jani, kwa hiyo sharti irudiwe. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haikai siku nyingi katika chakula.

Hapa hatuna budi kuwaonyeni jambo moja. Si kila utupa una nguvu. Mwaka wa 2012 wataalamu waliochunguza utupa wa Malawi walitangaza kwamba upo wa namna mbili. Mmoja una rotenoni na jamaa zake, na wa pili hauna, wala hauui wadudu. Mwaka wa 2019 uchunguzi wa Tanzania, Kenya na Malawi ulionyesha kwamba kuna namna ya tatu, iliyo kati ya hizo mbili. Kwa hiyo mkulima mmoja husema, "Utupa umeniokolea maharage yangu," na jirani yake husema, "Ni uongo mtupu," na huenda wote wawili wasema kweli. Dawa ya jambo hili ni kujaribu kwanza. Chukua debe moja la maharage, ulichanganye na unga. Chukua debe la pili, uliache bila unga. Uyaweke mahali pamoja na kuyatazama baada ya miezi miwili. Kama la kwanza limesalimika na la pili limetobolewa, chuma mbegu katika mmea ule ule na upande hizo. Na maharage yaliyotiwa unga yapepetwe na kuoshwa sana kabla ya kupikwa.

Faida ya mwisho ni ya udongo, na hii haihitaji sumu; hata utupa usioua wadudu waweza kuifanya. Sehemu kubwa ya mashamba ya Ilemela ni udongo wa mchanga uliotoka katika majabali yetu, ule ambao Wasukuma huuita luseni. Ni mwepisi kulima, lakini huchoka upesi. Kinachopungua hasa ni naitrojeni, ambayo mahindi huipenda sana. Jambo la ajabu ni kwamba hewa tunayoivuta ni naitrojeni karibu sehemu nne katika tano, lakini mahindi hayawezi kuitwaa kutoka hewani. Jamaa ya kunde waweza, kwa msaada wa vijidudu vinavyokaa katika mizizi yao. Jambo hilo lilitangazwa na wataalamu wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, katika mwaka wa 1888.

Ninyi wanafunzi mwaweza kuliona kwa macho yenu. Ung'oeni utupa mchanga kwa uangalifu baada ya mvua, mkaoshe udongo katika mizizi kwa maji ya ndoo. Mtaona vinundu vidogo kama punje. Kateni kimoja kwa wembe. Kama ndani ni chekundu kama nyama, vijidudu vyake vyafanya kazi; kama ni cheupe au cha kijani, kimelala au kimekwisha kazi yake.

Magharibi mwa Kenya, kando ya ziwa hili hili, tangu miaka ya 1990 wakulima walifundishwa kupanda utupa katika shamba lililochoka. Mbegu hupandwa kati ya mistari ya mahindi yaliyokwisha chipua. Mahindi huvunwa, na utupa huachwa ukue. Baadaye hukatwa, na majani yake hufukiwa ardhini kabla ya mvua za kupandia. Mahindi yanayofuata huwa mazuri kuliko ya shamba lililolimwa mfululizo bila mbolea. Vivyo hivyo walifanya wakulima wa mashariki mwa Zambia. Ni kweli kwamba mkulima hukosa mavuno ya sehemu ile kwa msimu mmoja au miwili. Kwa hiyo mwenye shamba dogo na aanze na kipande kidogo, au apande utupa mpakani mwa shamba. Kabla ya kuanza, amwulize Bwana Shamba wa kata yake. Tena huku Mwanza tunacho kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, ambacho kimeshughulika na udongo wa nchi hii kwa miaka mingi.

Sasa tukusanye maneno yetu. Utupa upandwe mbali na ziwa, mto, kisima na bwawa la samaki, ili majani na mvua visiupeleke majini. Mwenye kuusaga na afunge kitambaa puani na mdomoni, na asisagie katika kinu cha chakula. Mwenye kuunyunyiza asioshe vyombo vyake ziwani, bali amwage maji yale shambani mwake. Unga uwekwe mbali na watoto. Na mtu ye yote akitaka kukufundisha kuupeleka mwaloni usiku, mwambie kwamba samaki wa ghuba si wake peke yake, wala si wako. Ni wa wale wote watakaotupa nyavu zao hapo kesho na kesho kutwa, pamoja na watoto wenu wenyewe.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambieni leo. Kwaherini.